Nyati wangu hajaja joto tangu azae: ninunue kirutubisho gani?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nimekulia Rungwe kwenye ng'ombe wa maziwa, na sasa nimeolewa Haryana, kaskazini mwa India, wilaya ya Jind. Kwa wakwe zangu tuna nyati wanne wa maziwa, aina ya Murrah. Mmoja alizaa Machi, anatoa lita 9 kwa siku, na mpaka sasa, Agosti, hajaja joto, yaani hajaonyesha kutaka dume. Wa pili alizaa Julai, anatoa lita 11, ila anakonda na ndama wake alikufa. Wa tatu ana mimba, atazaa Oktoba. Wa nne ni mtamba wa miaka mitatu, bado hajazaa. Tunawapa mabua ya ngano yaliyosagwa (wenyewe wanaita tudi), mtama mbichi, na kila anayekamuliwa anapata kilo 2 za mashudu ya pamba na kilo 1 ya pumba za ngano. Mwenye duka anataka ninunue kalsiamu ya maji, mafuta ya baipasi, unga wa shatavari na vidonge vya kuleta joto. Mama mkwe anasema mafuta ya haradali na sukari guru vinatosha. Mnunuzi wa maziwa anasema kuna sindano. Hela haitoshi vyote. Nianze na nini?

JIBU: Dada yangu, umenipa karibu kila kitu ninachohitaji, hata tarehe za kuzaa, kwa hiyo nitakujibu moja kwa moja kabla ya maelezo. Nunua mchanganyiko wa madini wa unga kwa ajili ya wote wanne, leo ukiweza. Ongeza chakula cha nguvu (mashudu, pumba na nafaka) kwa wale wawili wanaokamuliwa. Mafuta ya baipasi, yale yanayovuka tumbo la kwanza bila kuyeyuka, mpe yule wa Julai peke yake, tena baada ya kumwongezea chakula. Kalsiamu ya maji, shatavari (mzizi wa dawa za kienyeji) na vidonge vya joto viache dukani. Sindano ikatae kabisa.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya maziwa. Umezoea ng'ombe wa Rungwe, na lita 9 kwa ng'ombe wa maziwa si kitu cha kutisha. Lakini maziwa ya Murrah yana mafuta karibu asilimia 7. Ukiyageuza kwa kanuni ya wataalamu wa lishe yawe sawa na maziwa ya ng'ombe yenye mafuta asilimia 4, lita 9 za nyati zinakuwa kama lita 13, na lita 11 zinakuwa kama 16. Nyati wenu wanafanya kazi ya ng'ombe mzuri, huku wanakula kilo 3 tu za chakula cha nguvu. Kipimo kinachotumika India ni kilo 1 ya chakula cha nguvu kwa kila lita 2 za maziwa ya nyati, ukichukulia kwamba majani mabichi ya kutosha yanambeba kwa mahitaji ya mwili wake. Kwa kipimo hicho wa Machi anadai kilo 4.5, na wa Julai anadai kilo 5.5. Hakuna kopo la dukani linaloziba pengo la kilo 2.5 za chakula.

Kinachokosekana hasa ni nguvu, kwa maana ya wanga. Mashudu ya pamba yanaleta protini na mafuta kiasi, pumba zinaleta fosforasi na wanga kidogo, na tudi ni nyuzinyuzi tupu yenye protini isiyozidi sana asilimia 3. Kwa hiyo nyongeza yako isiwe mashudu zaidi. Iwe nafaka iliyobarazwa: mahindi, shayiri au uwele, chochote kilicho rahisi kwenye soko la Jind msimu huo. Mwongeze nusu kilo kila baada ya siku tatu au nne mpaka ufike kiwango, ugawe kwenye milo miwili au mitatu, usimwage yote asubuhi. Viumbe vidogo vya kwenye tumbo la kwanza, rumeni, ndivyo vinavyomeng'enya majani, na vinahitaji siku kadhaa kuzoea chakula kipya. Ukivishtua, nyati anaacha kucheua, mavi yanalainika na maziwa yanashuka.

Na tafadhali usiendelee kuwapa chakula sawa kwa sawa. Naelewa ni rahisi kuchota ndoo zilezile, lakini anayetoa lita 11 na anayetoa 9 hawana njaa moja.

Sasa madini, ambayo kwangu ndiyo kirutubisho cha kwanza mahali ulipo. Mchanganyiko wa tudi, mtama, mashudu na pumba una fosforasi ya kuridhisha kwa sababu ya pumba, lakini kalsiamu ni haba, na vipimo vilivyofanywa Haryana kwa miaka mingi vimeonyesha upungufu wa zinki na shaba kwenye malisho na kwenye damu ya mifugo. Hayo mawili ndiyo yanayogusa uzazi: yakipungua, joto linakuwa hafifu, mimba haishiki, na kondo la nyuma linachelewa kutoka. Bodi ya Taifa ya Maendeleo ya Maziwa, ile yenye makao Anand kule Gujarat, imehimiza michanganyiko inayotengenezwa kwa kufuata upungufu wa kila eneo, kwa sababu udongo wa Haryana si udongo wa Kerala kule kusini. Uliza huo wa Haryana kwenye chama cha ushirika cha maziwa kilicho karibu, au Hisar, ambako wewe ni jirani. Pale kuna Taasisi Kuu ya Utafiti wa Nyati, iliyoanzishwa mwaka 1985, na kuna chuo kikuu cha tiba ya mifugo. Wengi wangesafiri nchi nzima kupata ushauri ulio mlangoni kwako.

Kwenye mfuko tafuta alama ya ubora ya serikali ya India na usome namba: kalsiamu karibu asilimia 20, fosforasi karibu asilimia 12, na chini yake zinki, shaba, kobalti, manganisi na iodini ziwe zimetajwa kwa kiasi. Mfuko ambao hauna namba hizo ni chokaa na rangi. Mpe kila anayekamuliwa gramu 100 kwa siku, mtamba na mwenye mimba gramu 50, ukichanganya kwenye chakula cha nguvu, pamoja na chumvi ya kawaida gramu 30. Tumia mizani ya jikoni mara ya kwanza, kisha weka alama kwenye kikombe.

Hapo ndipo kalsiamu ya maji inapojionyesha thamani yake. Lita moja ya maziwa ya nyati inabeba karibu gramu 1.8 za kalsiamu, kwa hiyo wa Julai anapoteza gramu 20 kwa siku kwenye ndoo. Soma chupa uliyoonyeshwa. Ukikuta mililita 100 zina gramu 3 za kalsiamu, ujue gramu 100 za unga wa madini zinakupa 20, na juu yake fosforasi, zinki na shaba. Chupa ina rangi nzuri na nyati anaipenda kwa sababu ya utamu, basi. Dawa ya kalsiamu ina kazi yake kwa mnyama aliyeanguka baada ya kuzaa, na hapo anayeitoa ni daktari, kwenye mshipa.

Kwa huyu wa Oktoba nina onyo la pekee. Usimpe kalsiamu ya ziada katika wiki tatu za mwisho za mimba ukidhani unamwandaa. Mwili wa mnyama una mtambo wake wa kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa na kuifyonza tumboni. Ukimmiminia nyingi wakati haihitaji, mtambo huo unalala, na siku ya kuzaa, maziwa yanapoanza kuichukua kwa kasi, hauamki kwa wakati. Mpe gramu 50 za madini, kilo 1.5 hadi 2 za chakula cha nguvu kwa siku katika miezi miwili hii ya mwisho, na umwangalie mgongo: azae akiwa na mwili wa kati, mbavu hazionekani ila ukizigusa unazisikia. Akizaa amekonda, hutamrudisha kwa chochote kabla ya miezi mitatu.

Tena, Oktoba inaelekea msimu wa berseem, ile jamii ya klova inayopandwa Haryana na Punjab kwa ajili ya majira ya baridi. Ni malisho matamu, yana protini na kalsiamu nyingi, lakini fosforasi ni kidogo. Pengo lako la Agosti linageuka kichwa chini. Nyati aliyezaa karibuni, anayekula berseem nyingi au majani ya haradali bila pumba wala madini, anaweza kuanza kukojoa mkojo mwekundu hadi wa rangi ya kahawa, kwa sababu chembe nyekundu za damu zinapasuka fosforasi ikiisha. Ugonjwa huu unawajua nyati wa Punjab na Haryana kuliko ng'ombe wa kwenu. Ukiuona, usisubiri kesho, maana damu inaisha haraka na dawa ya fosforasi kwenye mshipa inaokoa ikiwahi. Kinga yake ni ya bei ndogo: usimwondolee ile kilo ya pumba hata berseem ikijaa shamba.

Turudi kwa yule wa Machi, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Miezi mitano bila joto inaudhi, lakini tazama kalenda. Nyati anazaliana zaidi siku zinapokuwa fupi. Haryana wengi wanakuja joto kuanzia Septemba mpaka Februari, na kuanzia Machi mpaka Julai ovari za wengi zinapumzika, hasa kwa wale wenye njaa. Ngozi nyeusi inavuta jua, tezi za jasho ni chache, na joto la Mei na Juni linaweza kupita nyuzi 45. Wako alizaa mlangoni mwa msimu mbaya. Aliyezaa Machi kisha akakaa kimya mpaka Agosti si mgonjwa lazima.

Kabla ya kidonge chochote, mwite daktari ampime kwa mkono. Kuna mambo manne yanayoweza kuwa ndani, na yote kwa nje yanaonekana namna moja: ovari zimelala, kizazi kina uchafu tangu kuzaa, anakuja joto kimyakimya na hamlioni, au tayari ana mimba kwa sababu dume la kijiji lilimpitia siku moja kwenye bwawa. Vidonge vya joto vya dukani kwa kawaida ni shaba, kobalti na iodini kwa wingi, vitu ambavyo mfuko wa madini unakupa kila siku. Vinamsaidia mwenye upungufu. Kwa mwenye uchafu kizazini havifanyi kitu, na shaba ikizidi ni sumu.

Joto la kimya ndilo ninalolishuku zaidi. Nyati hapandi wenzake kama ng'ombe wanavyofanya, kwa hiyo ukisubiri kuona hilo utasubiri mwaka. Tazama saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi, akiwa amelala: ute angavu usio na rangi chini ya mkia au sakafuni, uke uliovimba, kukojoa kidogo kidogo, kulia bila sababu, kubana maziwa siku hiyo. Jirani mwenye dume akikubali kulipitisha asubuhi na jioni, ni bora kuliko kidonge. Andika tarehe, hata ukiwa na mashaka, kisha utazame tena baada ya siku 21. Ukiona dalili asubuhi, mhimilishaji (mtu wa kupandisha kwa mbegu za mrija) aje jioni. Ukiona jioni, aje asubuhi.

Na mpoze. Hiki nakihesabu kuwa kirutubisho, ingawa hakiuzwi. Mwache aingie kwenye johad, bwawa la kijiji, saa za mchana, au mmwagie maji mara tatu au nne, afungwe kwenye kivuli cha mwarobaini kuliko chini ya bati, na sehemu kubwa ya chakula apewe usiku na alfajiri. Mnyama aliyepata joto kali anakula kidogo, na kila tulichohesabu hapo juu kinabaki kwenye hori. Bwawa lina konokono na konokono wana minyoo ya maini, kwa hiyo mwombe daktari apime mavi siku hiyohiyo anayokuja.

Madini yanachukua miezi miwili mpaka mitatu kuonekana kwenye uzazi. Ukianza sasa unafika Oktoba na Novemba, msimu wao wenyewe. Mimba ya nyati ni siku 310 hivi: akishika katikati ya Novemba, anazaa kwenye siku za ishirini za Septemba, na hutarudi tena kwenye mtego wa kuzaa Machi.

Mafuta ya baipasi ni kitu halali, na nayatetea yakiwa mahali pake. Ni mafuta yaliyofungwa na kalsiamu ili yavuke rumeni bila kuyeyuka, yakayeyushwe na asidi ya tumbo la nne, kwa hiyo hayawadhuru wale viumbe wa majani. Gramu 150 kwa siku zinaleta nguvu pungufu kidogo ya inayohitajika kutengeneza lita moja ya maziwa yake. Si muujiza, lakini kwa wa Julai, aliye katika miezi mitatu ya kwanza, anayekamuliwa zaidi ya anavyoweza kula, nguvu hiyo inazuia mwili usiendelee kuliwa, na anayeacha kukonda mapema ndiye anayerudi joto mapema. Mpe mpaka Oktoba, kisha acha. Pima maziwa wiki moja kabla na wiki mbili baada, na kama mnunuzi wenu analipa kwa kiwango cha mafuta, angalia karatasi yake pia. Wa Machi ameshapita kipindi hicho, kwake nafaka inatosha.

Mama mkwe wako usimpinge hadharani, kwa sababu nusu ya anachosema ni sahihi. Sukari guru gramu 200 au 300 kwa siku chache baada ya kuzaa inampa nguvu ya haraka na hamu ya kula, na uwatu na viungo vingine vya kienyeji havina madhara kwa kipimo cha jikoni. Tatizo ni mafuta ya haradali yakimiminwa nusu lita kwa mpigo. Mafuta ya wazi yanafunika nyuzinyuzi za majani na kuua wale viumbe, na mnyama anapoteza kwenye tudi zaidi ya alichopata kwenye chupa. Mwambie abaki kwenye kijiko kikubwa kimoja au viwili ndani ya chakula, heshima ya desturi itabaki na rumeni itasalimika. Shatavari ni mzizi wenye historia ndefu katika tiba ya India, ila ongezeko linaloonekana kwa nyati aliyelishwa vizuri ni dogo, na kwa aliye na pengo la kilo 2.5 halipo kabisa.

Kuhusu sindano, anachokupa huyo mnunuzi wa maziwa ni oksitosini, homoni inayomfanya mnyama aachie maziwa. Najua kwa nini imetajwa: ndama amekufa na nyati anabana. Nyati anahifadhi maziwa yake juu kabisa kwenye tezi. Karibu asilimia 5 tu ndiyo yanayokaa chini tayari kukamuliwa, wakati kwa ng'ombe ni karibu asilimia 20, kwa hiyo asipolegea hupati kitu. Lakini sindano ya kila siku inamfanya asilegee tena bila hiyo, inavuruga kizazi unachotaka kishike mimba, na sheria ya India ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ya mwaka 1960, inakataza kumchoma mnyama wa maziwa sindano inayodhuru afya yake ili kuongeza maziwa. Mkamue mahali palepale, saa ileile, mtu yuleyule, chakula chake kikiwa mbele yake, na usugue kiwele kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili kabla. Siku za kwanza atakupa kidogo. Usikate tamaa wiki ya kwanza.

Jambo moja la msimu huu wa mvua. Mashudu ya pamba yanaota kuvu haraka mwezi wa Agosti, na sumukuvu haipunguzi maziwa na uzazi tu, inapita mpaka kwenye glasi ya mtoto. India inaruhusu mikrogramu 0.5 tu kwa kilo ya maziwa. Nunua ya kutosha wiki mbili tu, yaweke juu ya mbao, na yenye harufu ya uvundo au madoa ya kijani yatupe hata kama yamelipiwa. Mtama nao ukatwe ukishatoa maua. Ule mchanga, hasa uliokosa mvua na kunyauka, una sumu inayoua kwa dakika.

Mtamba wako wa miaka mitatu simhesabu kuwa amechelewa bado. Murrah wengi wanazaa mara ya kwanza baada ya miezi 40, na kwao uzito unatangulia umri: wanaanza joto wakikaribia kilo 350. Mpime kwa futi ya fundi cherehani. Chukua mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya mfupa wa kalio, karibu na mkia, ugawe kwa 10,800. Utapata kilo za kukadiria. Akiwa chini ya 300, mwongezee kilo 1.5 za chakula cha nguvu kwa siku pamoja na yale madini, na dawa ya minyoo baada ya kipimo cha mavi. Niandikie namba hiyo, pamoja na alichokikuta daktari kwa yule wa Machi, nijue kama Oktoba tutazungumzia mhimilishaji au tiba.